Sura ya Sita: Paneli Ndiyo Sehemu Rahisi

Mwaka 1984 shule moja ya harambee katika Wilaya ya Meru ya wakati ule ilikuwa mbioni kununua jenereta. Jina lake Karamugi. Nguzo za stima zilikuwa mbali, na kwa bodi yoyote ya shule iliyokuwa na akiba kidogo na hamu ya taa, jenereta ndiyo njia iliyojulikana. Lakini pale palikuwa na mwalimu kijana kutoka Marekani, Mark Hankins, aliyekuja kwa mpango wa Peace Corps, naye alikuwa amefahamiana na mhandisi Mmarekani mwenzake, Harold Burris, mwenye kampuni ndogo iliyoitwa Solar Shamba. Burris aliishauri shule ielekeze fedha zake kwenye sola badala ya jenereta. Bodi ikakubali, mtambo ukafungwa, madarasa yakapata taa.

Kilichofuata kinajulikana na kila anayefuatilia historia ya sola Afrika Mashariki. Walimu waliona taa za shule zikiwaka bila kelele wala safari za kununua dizeli, wakataka za kwao nyumbani. Kwa msaada wa USAID, mafundi wa maeneo hayo walifunzwa kazi na shule nyingine zikafungiwa mitambo. Wakulima wa kahawa na chai wa Meru na Embu, waliokuwa na malipo ya mazao mkononi na gridi isiyofika, wakawa wateja wakubwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kenya ilikuwa na mitambo ya nyumbani ipatayo 200,000, na mingi ilinunuliwa kwa fedha taslimu na familia zenyewe, madukani, bila mkono wa serikali.

Watu hupenda kuisimulia Karamugi kama hadithi ya teknolojia mpya. Kwangu mimi ni hadithi ya ununuzi uliofanywa vizuri. Aliyenunua ndiye aliyekuwa akikaa gizani. Alikuwa na cha kulinganisha nacho, yaani jenereta na bei ya dizeli yake. Aliyeuza alikuwa na jina la kulinda katika eneo lile lile. Na kazi haikuishia kwenye paa, kwa maana palikuwa na mafundi wa karibu waliojua mtambo umefungwaje na unatibiwa vipi ukiugua. Mambo hayo manne ndiyo yanayokosekana katika zabuni nyingi za sola za majengo ya umma leo, ingawa paneli zenyewe zimekuwa bora na nafuu mara nyingi kuliko zile za 1984.

Tuje Kanja, upande wa Embu. Ukipanda kutoka Runyenjes kuelekea mlimani, kahawa inaanza kupisha chai na hewa inakuwa ya baridi. Soko, shule, zahanati, ofisi ya chifu: kituo kama vingine vingi vya miteremko ya Mlima Kenya. Hapa stima imefika. Kampeni ya kuunganisha shule za msingi, iliyoharakishwa kuanzia 2013 kwa ajili ya mpango wa vipakatalishi, iliziacha karibu shule zote za msingi za umma nchini zikiwa na umeme wa gridi au wa sola. Kwa hiyo swali la mwalimu mkuu wa Kanja si lile la bodi ya Karamugi. Yeye ana waya tayari. Ana pia bili, na jioni za mvua ambapo stima inapotea hadi kesho yake.

Kosa la kwanza hutokea hapo hapo, kabla hata ya karatasi ya zabuni kuandikwa. Muuzaji anakuja na pikipiki na kabrasha lenye picha. “Mwalimu, hapa unahitaji kilowati kumi na betri nne, stima utaisahau.” Mwalimu anauliza bei. Angepaswa kuuliza: kilowati kumi za nini? Mwenye jengo hana budi kujua anataka kuondoa shida ipi. Je, ni bili kubwa? Ni giza la saa mbili usiku? Ni friji ya chanjo inayopoa na kupata joto kila stima inapokatika? Kila moja ya shida hizo ina mtambo wake, na mtambo wa shida moja haufai kwa nyingine.

Shule ya kutwa hutumia umeme mchana, jua likiwepo. Paneli zilizounganishwa na gridi bila betri hata moja zinaweza kuipunguzia bili. Lakini mtambo wa aina hiyo, kwa usalama wa mafundi walio juu ya nguzo, hujizima stima ya gridi inapokatika, na shule nyingi hugundua jambo hili siku ya kwanza ya giza, zikidhani zimetapeliwa. Shule ya bweni hali yake ni kinyume: mzigo wake mkubwa ni saa za maandalio, alfajiri na usiku, wakati paneli zimelala. Hiyo bila betri haipati kitu. Zahanati yenye chumba cha kujifungulia inahitaji betri ya kuaminika hata kama paneli ni chache, maana mama hachagui saa. Na shule inayolipa pesa nyingi kwa kusukuma maji ya kisima inaweza kuwa na jibu rahisi kuliko yote: pampu ya sola inayojaza tangi mchana. Maji yaliyo tangini hayahitaji inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa paneli na betri uwe kama wa gridi.

Hesabu ya mzigo si ya kutisha, na mwalimu yeyote wa fizikia anaweza kuifanya kwa jioni moja. Tuchukue mfano wa shule ya sekondari yenye taa 40 za LED za wati 18, zinazowaka saa nne: hizo ni karibu uniti (kilowati-saa) 2.9 kwa siku. Kompyuta 20 za wati 60 kwa saa tano ni uniti 6. Ongeza mashine ya kuchapa na kifaa cha intaneti, unafika kama uniti 10. Sasa jua. Kenya kwa wastani hupata kati ya uniti 4 na 6 za nishati ya jua kwa kila mita ya mraba kwa siku, na wauzaji hupenda kupiga hesabu kwa ile namba kubwa. Mtu wa Kanja anajua Julai ilivyo: ukungu asubuhi, mawingu mpaka alasiri, siku nenda siku rudi. Mtambo unaotegemewa hupimwa kwa mwezi mbaya. Chukua 4, toa robo kwa hasara za waya, joto, vumbi na inveta, na uniti 10 zinahitaji paneli za kilowati 3.3 hivi. Si kumi. Mwalimu aliyefanya hesabu hii ameshaokoa fedha nyingi kuliko atakazookoa kwa kubembelezana bei.

Akumbuke pia kalenda. Aprili, Agosti, Novemba na Desemba shule zikifungwa, paneli zinaendelea kuzalisha bila mtumiaji. Sheria ya Nishati ya 2019 ilifungua mlango wa mwenye mtambo kusukuma umeme wa ziada kwenye gridi na kupata salio, na kanuni zake zikatoka mwaka 2024. Salio hilo ni la sehemu tu ya kilichosukumwa, na maombi na mita maalumu vina taratibu zake, kwa hiyo usikubali hesabu ya muuzaji inayodai Kenya Power italipia kila uniti unayotoa. Pima mtambo kwa mzigo ulio nao. Gridi ikikurudishia kitu, iwe nyongeza.

Jambo la paa linapita haraka lakini lisirukwe. Kanja iko kusini mwa ikweta kwa chini ya nusu digrii, hivyo mwelekeo wa paneli hauna uzito kama unavyopewa kwenye vitabu vya Ulaya; mteremko wa digrii 10 hadi 15 unatosha ili mvua ioshe vumbi. Kikubwa ni kivuli, hasa cha mikaratusi na migrivilea, miti inayokua kuliko mipango ya bodi. Mbao za paa zikaguliwe na fundi wa ujenzi, kwa sababu paneli moja kubwa ya siku hizi ina kilo zaidi ya 25. Paa la asbesto lisitobolewe kamwe. Na kwa eneo la radi kama miteremko hii, waya wa ardhini na vizuia mshtuko viandikwe kwenye zabuni kwa maneno, visiachwe kwa hisani ya fundi.

Sasa tufike kwenye sheria, mahali ambapo wengi hukata tamaa na kusema, “Serikali hainunui vizuri kwa sababu sheria inalazimisha bei ya chini.” Si kweli. Ibara ya 227 ya Katiba inataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa wazi, wa ushindani na wenye tija kwa gharama. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015 inazungumzia bei ya chini *iliyotathminiwa*, yaani ya chini miongoni mwa waliotimiza masharti. Ukiandika masharti dhaifu, ndiyo, utapata kitu dhaifu kwa bei ya chini, na hapo sheria haina kosa. Sheria hiyo hiyo inapendelea uandike utendaji unaoutaka kuliko umbo la kifaa, na inakataza kutaja chapa fulani ili kumpendelea mtu. Basi usiandike “paneli kumi za wati 400”. Andika kwamba mtambo utoe uniti 10 kwa siku katika mwezi wa Julai, taa hizi ziwake saa nne kwa usiku mbili mfululizo bila jua la kutosha, na betri ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya miaka kadhaa unayoitaja. Hapo mzigo wa kupiga hesabu, na lawama ya kuikosea, vinahamia kwa mwanakandarasi, ambako vinastahili kuwa.

Ubora wa vifaa nao tumeshaujifunza kwa gharama. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipima paneli za silikoni ya amofasi zilizokuwa zikiuzwa kwa wingi nchini wakakuta nyingine zinatoa vizuri, na aina moja ikitoa chini sana ya ilichoandikwa mgongoni. Kwa macho zote zilifanana. Mkulima aliyenunua mbovu hakuwa na namna ya kujua, zaidi ya kuona taa inafifia mapema kuliko ya jirani. Taasisi ya umma haina kisingizio hicho. Inaweza kudai vyeti vya viwango vya kimataifa, IEC 61215 na IEC 61730 kwa paneli, na uthibitisho wa KEBS, shirika la viwango, kwa bidhaa zilizoagizwa, kisha ikalinganisha namba za paneli zilizofika na zilizo kwenye cheti. Kulinganisha huko ndiko husahaulika. Cheti kinaletwa kizuri, na lori linaleta kitu kingine.

Kuhusu mafundi, Kenya ilikuwa na kanuni za mitambo ya sola tangu 2012, na leo leseni hutolewa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Mafundi wamepangwa kwa madaraja, T3 likiwa la juu, na kampuni nazo zina leseni zake. Sharti la leseni lisiwe la kampuni peke yake. Jina la fundi atakayepanda paa liwemo kwenye zabuni pamoja na nakala ya leseni yake. Hapa kuna malalamiko ninayoyasikia mara kwa mara, kwamba asilimia 30 ya zabuni zinazotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu ndizo zinazoleta mabroka wasiojua waya upi ni upi. Siamini hivyo. Vijana wengi wamepita mafunzo ya T3, pamoja na yanayotolewa Chuo Kikuu cha Strathmore, na wanatafuta kazi. Broka hupenya pale ambapo zabuni haimtaji fundi, iwe imetengwa au haikutengwa.

Ugonjwa mwingine ni kukata zabuni vipande. Paneli zinanunuliwa kwa hati moja, betri kwa nyingine mwaka wa fedha unaofuata, kazi ya kufunga anapewa fundi wa mtaani, ili kila kipande kibaki chini ya kiwango cha zabuni kubwa. Sheria inakataza kugawa ununuzi kwa nia hiyo. Lakini hata isingekataza, bado ingekuwa hasara: siku mtambo unapozima, mwenye paneli atasema ni betri, mwenye betri atasema ni waya, na fundi atakuwa amehamia Nairobi. Mtambo mmoja uwe na mkataba mmoja na mtu mmoja wa kushikwa koo.

Tatizo ambalo pengine ni gumu kuliko yote ni mnunuzi asiyekuwa mwenye jengo. Shule ya Kanja inaweza kuletewa sola na NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya jimbo la mbunge, zahanati ikaletewa na kaunti au fungu la wadi, na taa kubwa ya sokoni, ile mulika mwizi, ikasimikwa na ofisi nyingine kabisa. Kila mmoja anataka siku ya uzinduzi. Bajeti ya kununua ina mwenyewe. Bajeti ya kubadilisha betri baada ya miaka haina. Mwalimu mkuu anakabidhiwa ufunguo wa chumba cha inveta bila kuwa ameona mkataba, na akipiga simu kuuliza dhamana, anaambiwa ofisa aliyesimamia amehamishwa. Kwa hiyo, mwalimu, au daktari msimamizi, unapoletewa zawadi ya namna hiyo, ipokee kwa shukrani na kwa masharti. Omba kuketi kwenye kikao cha kuandaa mahitaji. Omba nakala ya mkataba na barua za dhamana ziwe na jina la taasisi yako. Na bodi iandike kwenye kumbukumbu zake fedha za matunzo zitatoka fungu gani kila muhula. Mfadhili anayekasirishwa na maswali hayo alikuwa anatafuta picha.

Njia ya kuondoa tatizo hilo kimkataba ipo. Katika mradi wa sola wa KOSAP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017 kwa kaunti 14 ambazo gridi ilizisahau, kuanzia Turkana hadi Kwale, taasisi za umma zilipangiwa mikataba inayomtaka mwanakandarasi afunge mtambo na kuutunza kwa miaka, wala si kufunga na kuondoka. Embu na Meru hazimo katika kaunti hizo, lakini hakuna kinachozuia bodi ya Kanja kuiga umbo hilo kwa udogo wake: zabuni moja, bei mbili, ya kufunga na ya matunzo ya miaka mitano, na tathmini ifanywe kwa jumla ya zote mbili. Malipo ya matunzo yatolewe kila muhula baada ya kuthibitisha kuwa mtambo unatoa uniti zilizoahidiwa. Kampuni inayojua vifaa vyake ni vibovu haitaipenda zabuni hiyo, na kutojitokeza kwake ni faida.

Wakubwa wana njia nyingine pia. Strathmore ilifunga kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014, na makao ya Umoja wa Mataifa Gigiri yalizindua jengo lenye kilowati 515 mwaka 2011. Siku hizi kuna kampuni zinazofunga kwa fedha zao na kukuuzia uniti kwa miaka kumi na zaidi. Kwa hospitali ya rufaa inaweza kufaa. Kwa shule ya kijiji mkataba mrefu kiasi hicho unahitaji wakili, idhini kutoka juu, na jibu la maandishi kuhusu nani anamiliki paneli kama paa litahitaji kubadilishwa. Mimi ningeuacha.

Kuna kasoro moja ya upande wetu wanunuzi ambayo hatupendi kuitaja: hatulipi. Madeni ya wanakandarasi yaliyolimbikizwa na serikali kuu na kaunti ni habari ya kila mwaka wa fedha. Kampuni nzuri, yenye mafundi wa mshahara, haiwezi kungoja miaka miwili, hivyo haiombi zabuni, au inaomba kwa bei iliyojaa hofu. Anayebaki ni yule mwenye uwezo wa kungoja au mwenye njia ya kulipwa haraka. Taasisi inayotangaza zabuni ikiwa na fedha tayari kwenye akaunti, na kusema hivyo wazi kwenye tangazo, hupata bei bora. Hata jina zuri la kulipa kwa wakati huenea miongoni mwa mafundi wa Embu upesi kuliko tangazo la gazeti.

Siku ya kupokea mtambo isiwe siku ya soda na hotuba. Sheria inataka kamati ya ukaguzi na upokeaji. Muombe ofisa wa umeme wa kaunti au mwalimu wa chuo cha ufundi awe mmoja wao. Washeni kila kitu kwa pamoja. Zimeni gridi, muutegemee mtambo usiku mmoja, asubuhi msome betri imebaki na nini. Nakilini namba za kila paneli na kila betri kwenye daftari la mali, kwa sababu betri za umma zina tabia ya kuazimwa na magari. Mchoro wa nyaya ubandikwe ukutani mwa chumba cha inveta. Halafu ulizeni jambo la kisasa ambalo halimo kwenye fomu nyingi: inveta za leo huripoti kwa simu kupitia programu, na mara nyingi akaunti hufunguliwa kwa jina la aliyefunga. Mkikorofishana naye, mnabaki nje ya mtambo wenu wenyewe. Akaunti na neno la siri viwe vya taasisi kabla ya malipo ya mwisho kutoka.

Wachaguliwe watu wawili, mmoja awe mfanyakazi asiyehamishwa hovyo kama walimu, kwa mfano mlinzi au mtunza bohari, wafundishwe kusafisha paneli, kusoma namba na kutambua taa nyekundu. Karamugi hilo lilifanyika zaidi ya miaka 40 iliyopita, watu wa vijijini wakafunzwa na kuwa mafundi walioubeba mtandao mzima wa biashara.

Ikiwa umeandaa yote haya na bado unasita kati ya kampuni mbili, waombe wote wawili majina ya taasisi walizozifungia mitambo angalau miaka mitatu iliyopita. Usipige simu kwa waliofungiwa mwezi jana. Wapigie wale wa zamani, wawe Chuka, Meru au Siakago, na usiwaulize kuhusu bei wala ukarimu wa kampuni. Waulize kama taa ziliwaka jana usiku.